Kikwembe cha kukodi getini: macho ya watu yatuvalishe mpaka wapi?

Mwana Kamalondo (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote, wana Lubumbashi na majirani wa mbali mnaotusoma.

Juzi nilimsindikiza mtoto wa dada yangu kwenye biro moja ya serikali hapa mjini, jina naliacha. Alikuwa anafuata karatasi yake ya kuzaliwa. Alivaa pantalo (suruali) nyeusi ya kitambaa, pana, na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Mlinzi akamtazama kuanzia viatu kupanda juu, akasema: "Mama, na pantalo hauingie." Basi. Hakuna maandishi ukutani, hakuna ofisa aliyeitwa. Hatua chache kutoka getini kuna mama anayeuza maji ya sashe na karanga, na chini ya meza yake kuna mfuko wa vikwembe, vitambaa vya kujifunga kiunoni, vilivyokunjwa vizuri. Kukodi ni 500 FC (faranga za Kongo), unarudisha ukitoka. Mtoto akalipa, akajifunga kikwembe cha maua ya njano juu ya pantalo, na mlinzi yule yule akamfungulia huku akimwita "binti yangu".

Nilikaa kivulini nikingoja, nikaitazama biashara ile. Wengine kikwembe kilikuwa kifupi kwao, pantalo inaonekana kuanzia magotini kushuka. Mmoja kilimlegea, akakishika kwa mkono mmoja na dosie (faili) kwa mkono mwingine. Mlinzi hana habari. Yeye anataka kitambaa kipite getini, na mama wa maji apate mia tano yake. (Sitashangaa nikisikia mia mbili inarudi kwa mlinzi, lakini hapo nawaza vibaya.)

Sasa swali langu. Mimi si wa wale wanaosema kila mtu avae anavyotaka na wengine wafumbe macho. Hata anayesema hivyo alisimama mbele ya kioo kabla ya kutoka, na kwenye kioo alikuwa anatafuta watakachoona wengine. Nimekulia Kamalondo, nyumba zimebanana, ukitoka na shati lililochanika jirani anajua kabla ya mama yako. Ninachokataa ni kwamba macho yote yana haki sawa. Aliyefiwa ana haki juu ya nguo nitakayokuja nayo kilioni kwake. Baba mkwe ana haki yake siku nikienda kwake. Lakini motari wa pikipiki anayengoja mteja, kijana wa parking, mlinzi wa geti, hao walipewa haki hiyo na nani? Naona mjini kwetu wasiotuhusu ndio wanaotuvalisha, na wanaotuhusu tumewazoea, tunaenda kwao hovyo.

Karibuni. Matusi hapana.

Yaya wa Ruashi

Jambo papa. Mie kikwembe haikosake mu saki yangu, miaka yote. Nikipanda moto (pikipiki), ninafunga juu ya jipe (sketi). Nikipita ku biro, ninafunga. Nikisikia kilio ya mutu nikiwa ku soko, ninafunga ninaenda. Mvua ikinyesha ninafunika bintu byangu. Mutoto ya mwenzangu akisinzia tunamulalisha juu yake. Sasa unataka nikasirike juu ya mulinzi? Niko na tomati zinaoza, sina wakati ya kukasirika na mutu wa geti. Lakini ile ya kulipisha 500, hapo njo kuko wizi. Ambia batoto bote babebe yao.

Simba wa Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi)

Mwanzisha uzi unazunguka sana. Mtu akitoka nyumbani uchi-uchi anataka aangaliwe. Sasa akiangaliwa analalamika nini? Hapa kwetu Kenya wasichana wanapita na nguo hata mtoto wa la tano hawezi kuingia ndani. Vijana wakipiga miluzi mnasema vijana wabaya. Nguo inasema, na sisi tunajibu.

Mwana Kamalondo

Simba, mtoto niliyemsimulia alikuwa amefunikwa kuanzia shingo mpaka kisigino. Ungesoma kwanza.

Kijana wa Kasapa

Simba na mimi nikuulize. Mwaka jana nilipitia kwenu na dredi zangu, vijana walewale wa miluzi wakaniita mwizi, mwingine akataka kunipekua mifuko. Nywele zangu nazo zilisema nini? Na nyinyi mlijibu nini? Mimi ni mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, mwizi ni wa kwenu.

Avoka wa Kampemba

Ndugu zangu, naongeza kidogo upande wa sheria, maana getini watu wanataja "sheria" kama wanavyotaja hali ya hewa.

Code pénal yetu, sheria ya makosa ya jinai, ina kifungu cha 176 kinachoadhibu matendo ya hadharani yanayojeruhi haya ya watu. Kisomeni: hakipimi urefu wa jipe wala hakitaji pantalo. Jaji ndiye anayepima tendo, na mlinzi si jaji. Upande mwingine kuna sheria ya 20 Julai 2006 juu ya jeuri za kingono, na ndani yake kuna harcèlement, yaani usumbufu wa kingono. Kwa hiyo Simba ajue kwamba anayemfuata msichana barabarani na kurudia-rudia maneno machafu yuko karibu na kosa kuliko huyo msichana.

Je, biro inaweza kudai mavazi ya heshima? Ndiyo, mkuu wa huduma anaweza kupanga utaratibu wa nyumba yake. Hata sisi mahakamani hatuingii na kaptula, na toge yangu (joho la avoka) naivaa hata jua likiwaka namna gani. Ila utaratibu una mtu aliyeutia sahihi na mahali ulipobandikwa. Raia anayefuata karatasi ya kuzaliwa anafuata haki yake, hajaja kuomba sadaka. Nikiwa pale ningemwomba mlinzi kwa upole anionyeshe noti de servisi, yaani agizo la maandishi la ofisi. Mara nyingi hakuna. Mara nyingi kuna "chefu alisema", na chefu alihamishwa zamani.

Mama Shemasi, Katuba

Amani kwenu, watoto wangu. Nimesoma yote. Papa wa Kamalondo amesema vizuri juu ya kilio lakini amepita haraka, na mimi hapo ndipo ninapokaa.

Tulipozika mwezi uliopita, familia ilichagua kitenge kimoja, kahawia na nyeupe, kila mmoja akashona kwa namna yake. Kuna dada mmoja ambaye hatujamwona nyumbani miaka mingi, kulikuwa na ugomvi wa urithi. Akafika asubuhi ya maziko amevaa kitenge kile kile. Hakuna aliyejua nani alimpigia simu, wala alikipata wapi. Mama wa marehemu akamwona tangu kwenye njia, akasimama. Hawakusema neno la urithi siku ile. Angekuja na pantalo yake ya jeans, hata ikiwa ya bei gani, angekaa upande wa jirani.

Sasa mtu ananiambia macho ya wengine yasinihusu! Nguo ile ilivaliwa kwa ajili ya macho ya mama mmoja tu. Na nyinyi vijana wa uhuru, siku ya kutafuta kazi kwenye kampuni ya mine (migodi) mbona mnaazima kravati (tai)? Mbona pale hamsemi "waniajiri nilivyo"? Macho ya bosi mnayaheshimu, ya mama yenu ndiyo mnayaita ya kizamani.

Kanisani kwetu wanawake hatuingii na pantalo na kichwa tunafunika. Hakuna anayelazimishwa kuja. Ukija, umekuja kwetu.

Kijana wa Kasapa

Mama Shemasi, shikamoo. Ya kilio nakubali mia kwa mia. Ya kravati pia umenishika, nina moja ya kaka yangu nimeikunja ndani ya kitabu cha hesabu.

Lakini mama, niruhusu. Kanisani wanawake wana orodha: pantalo, kichwa, mikono, urefu, rangi ya midomo. Wanaume wana nini? Tunaingia na shati limebana mpaka vifungo vinalia na hakuna shemasi anayetusimamisha mlangoni. Kama ni heshima ya macho, mbona macho yanayohesabiwa ni ya mwanaume tu, na mwili unaopimwa ni wa mwanamke tu?

Mama Shemasi, Katuba

Hilo la vifungo nitalipeleka kwa pasta. Sicheki.

Mzee wa Gécamines

Nawasalimu. Mimi ni mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi, nina miaka ya kutosha kuwaambieni kwamba mjadala huu si mpya hapa. Kila aliyeshika mji huu alianzia kwenye nguo zetu.

Baba yangu alikuwa karani, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Wabelgiji walileta kadi ya sifa ya uraia mwaka wa 1948, halafu mwaka wa 1952 wakaongeza ile waliyoiita immatriculation, kwa Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa kwamba "amestaarabika". Walikuwa wanakuja nyumbani kukagua: unakula mezani? Una uma na kisu? Mke wako anavaaje? Baba alituambia kwamba siku za ukaguzi mama alivaa gauni la kizungu na viatu vilivyomuumiza, wakiondoka tu anarudia kikwembe chake. Unaona? Kwa hao, kikwembe kilikuwa alama ya ushamba.

Haikupita muda mrefu, akaja Mobutu na otantisite, siasa yake ya kurudia uasili wetu. Mwaka wa 1972 tukabadilisha majina. Kravati ikawa alama ya ukoloni, wanaume tukaingia kwenye abakosti, koti lisilovaliwa na kravati. Na wanawake je? Pantalo hapana, wigi hapana, vaa kikwembe! Kitambaa kile kile kilichomwaibisha mama yangu mbele ya mkaguzi sasa kikawa amri. Mke wangu alikuwa na pantalo mbili alizozileta kutoka Zambia, akazikata akamshonea mtoto kaptula.

Halafu tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu mwenyewe akatangaza kwamba chama kimoja kimekwisha, na kravati ikaruhusiwa. Nilikuwa bado kazini. Kesho yake wakubwa wetu wa biro walifika na kravati walizozificha miaka yote ile, zingine zimeliwa na mende. Tulicheka, lakini kwa siri.

Kwa hiyo huyo mlinzi wa geti mimi namwelewa. Alirithi amri ambayo aliyeitoa amekufa. Hajui kama anatetea kanisa, au mila, au Mobutu.

Mdau wa Temeke

Mzee, heshima yako. Huku Dar wazee wetu nao wana ya kwao. Mwaka wa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mikorogo vyote marufuku, kuanzia Januari 1969. Hata kabla ya siku yenyewe kufika kuna akina dada walishavamiwa mitaani, Kariakoo. Na Malawi chini ya Banda ikatungwa sheria mwaka wa 1973, mwanamke kuvaa suruali ni kosa, ikadumu mpaka utawala wake ulipofika mwisho. Kwa hiyo nyie Wakongo hamko peke yenu.

Simba wa Kenya nina neno nawe pia. Nairobi, Novemba 2014, wanaume walimvua nguo dada mmoja kwenye kituo cha matatu, mchana kweupe, wakidai amevaa vibaya. Yaani kumfundisha kujisitiri, wakamvua! Tarehe 17 mwezi huo wanawake wakaandamana mjini. Huko ndiko "nguo inasema, sisi tunajibu" inakofikia, mkuu.

Simba wa Kenya

Mimi sijasema kuvua mtu. Nimesema miluzi.

Yaya wa Ruashi

Miluzi njo inaanzaka. Mie nimekaa ku soko tangu niko mutoto, sijaonaka mukono yenye ilianza bila mudomo kuanza mbele.

Mwana Kamalondo

Asante Yaya. Hapo umenisemea nilichokuwa natafuta tangu juzi.

Mama Shemasi, nimerudia simulizi yako ya kitenge cha kahawia mara nyingi. Tazama lakini jinsi ilivyotokea: dada yule hakuna aliyemsimamisha mlangoni. Alikitafuta kitenge mwenyewe, akashona, akaja. Angelazimishwa na kijana wa ukoo njiani, "funga hiki au hauingie", mama wa marehemu angesimama? Sidhani. Nguo ile ilikuwa na maana kwa sababu ilikuwa inawezekana asiivae. Kikwembe cha 500 FC hakina maana yoyote, hata kwa aliyekidai. Ndiyo maana mlinzi hakuangalia kimefungwaje.

Na ya kravati ya bosi, mama, nakubali ni macho yale yale, ila bosi analipa mshahara. Huyo motari wa pale round-point ananilipa nini?

Mama Shemasi, Katuba

Papa, maneno mazuri. Lakini unasahau kwamba watoto hawazaliwi wanajua kitenge cha kahawia. Huyo dada alifundishwa akiwa mdogo, na alifundishwa kwa kulazimishwa. Mimi mwenyewe bibi yangu alikuwa ananirudisha ndani kubadilisha, mlango haufunguki mpaka nibadilishe. Leo nashukuru. Ukiondoa geti zote, nani atafundisha?

Mwana Kamalondo

Bibi, ndiyo. Mlinzi, hapana. Bibi yako akikurudisha ndani alikuwa anajua jina lako.

Mshonaji wa Katuba

Niko na cherehani hapa Katuba, nacheka tu ninaposoma, kwa sababu nyote mnapita kwangu na kila mmoja ananiomba siri yake.

Wasichana wananiambia: "Papa, fupisha mpaka hapa, lakini usikate." Maana yake nikunje kitambaa kingi ndani, sentimita kumi hata kumi na tano, nishone kwa uzi mwepesi. Siku ya kwenda kwa wakwe anafumua nyumbani, jipe inashuka chini ya goti, Jumatatu ananirudishia nikunje tena. Nguo moja, macho mawili. Kuna mwingine anataka mpasuko nyuma wenye kifungo kwa ndani: mbele ya baba imefungwa, mjini imefunguliwa.

Na msidhani ni wasichana tu. Wanaume wananiletea kostimu (suti) za friperi (mitumba) niwapunguzie mabega. Nikitaka kutoa kile kilebo cha jina la fundi kilichoshonwa juu ya mkono, ambacho wenye nguo hizo huko Ulaya wanakitoa siku ya kwanza, wananishika mkono: "Acha hapo hapo!" Wanataka kionekane wakishika glasi. Kuna shemeji mmoja kilebo kilikuwa kimepotea, akaniomba nimtafutie kingine, chochote, mradi kina maandishi ya Kiitaliano. Sasa huyo anavaa kwa ajili ya nani? Na mlinzi gani alimlazimisha?

Kwangu mimi kazi ingekufa kama watu wangeacha kuangaliana. Mwezi wa pili kuelekea 8 Machi, siku ya wanawake, silali, kila chama cha akina mama kina kitenge chake na kila mama anataka modeli ambayo jirani yake hana. Ni uniforme, lakini anataka kuonekana peke yake ndani ya uniforme. Mtanisamehe, hilo siwezi kuwaeleza, nalishona tu.

Kijana wa Kasapa

Papa Mshonaji, umewasahau wenye sape, wale wanaojipamba kwa nguo za fahari. Hao ndio walitupa jibu la tatu. Wakati wa abakosti, vijana wa Kinshasa nyuma ya mwanamuziki Papa Wemba walikuwa wanavaa kostimu za Paris, wakati amri inasema abakosti. Walitaka macho yote, lakini hawakutaka amri ya macho hayo. Mtu hana chakula cha jioni na viatu vyake vinang'aa, anatembea katikati ya barabara polepole ili msimkose. Na Wemba alikufa Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, siku ile ile ya mwezi ambayo kravati iliruhusiwa. Sina maana yoyote hapo, nimeona tu tarehe zimekutana.

Avoka wa Kampemba

Sape ni nzuri mpaka mteja wangu anapokuja na kiatu cha mamba halafu anasema hana pesa ya dosie.

Yaya wa Ruashi

😂😂 Avoka!

Lakini ba papa, mie niulize kitu. Bote munaongea juu ya macho ya banaume, ya pasta, ya bosi. Macho ya sisi banamuke kwa banamuke hamuyaone. Ku soko yetu mwenye ananisema zaidi ni mwenzangu wa meza ya pili. "Yaya ile kikwembe si ya mwaka jana? Yaya umenenepa. Yaya bwana hakupe pesa?" Mulinzi wa geti ninamuona mara moja mu mwaka. Yule ninamuona kila siku ya Mungu. Na njo yeye nikivaa bizuri, ninavalaka juu yake. Asubuhi nikichagua libaya (blauzi), bwana yangu simuwazie, ninawaza yule.

Mama Shemasi, Katuba

Yaya, hapo umetuvua sote.

Simba wa Kenya

Mnaona? Hata nyie mnasemana.

Yaya wa Ruashi

Tunasemana, lakini nikigonjwa njo yeye anachunga meza yangu. Weye utachunga?

Mwana Kamalondo

Simba hajibu. Tumngoje.

Kijana wa Kasapa

Wakati tunamngoja: Mzee wa Gécamines, ile abakosti yako ya zamani uliitupa?

Mzee wa Gécamines

Siitupi nguo iliyoshonwa vile. Iko kwenye sanduku na nafutalini, rangi ya kijivu, mikono mifupi. Mjukuu wangu aliiona akaomba kuivaa kwenye sherehe ya kumaliza masomo. Nikamwambia ile ilikuwa amri, hatukuipenda. Akasema, "Babu, kola yake ni safi sana." Wenzake wote wakamuuliza ameinunua wapi, na mimi niliyelazimishwa miaka karibu ishirini nikajikuta najivuna.

Mshonaji wa Katuba

Mzee, nakuomba uilete hapa nichukue patroni yake kabla haijaharibika. Vijana wanne wameshaniulizia kola ile na mimi najaribu kuikisia kutoka kwenye picha. Jumamosi usije, tuna uniforme ya kilio. Jumatatu asubuhi niko.